Taa Mbili na Waya wa Njano

Jumatatu, 2 Machi

Kikao cha klabu ya pikipiki. Kiongozi wetu wa misafara ameteguka bega. Alikuwa akipapasa swichi ya taa kwenye kona, akakutana na mtaro. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, akatangaza kwamba Jumamosi alfajiri tunapita barabara ya msituni. Kilomita arobaini za ukungu. Atakayeongoza sharti awe na taa mbili za ziada, zimefungwa chini, zimulike chini ya ukungu. Ukaguzi ni Alhamisi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, akanyoosha mkono. Nami nikanyoosha. Miaka mitatu naendesha mwisho wa mstari, nakula vumbi la watu kumi na mmoja. Wananiita Mkia. Hata kwenye daftari la mahudhurio nimeandikwa Mkia.

Shemeji akauliza, kwa sauti ya kusikika, tangu lini mkia ukamtangulia ng'ombe. Wakacheka wote. Mwenyekiti alicheka, kisha akajitia kukohoa.

Nikasema taa zangu tayari ziko mezani nyumbani.

Hazipo. Meza ipo.

Jumanne, 3 Machi

Nimenunua taa. Boksi lina taa mbili, fyuzi, kisanduku cheusi cha rilei kinachopitisha umeme kwenda kwenye taa, swichi, na waya kama matumbo ya mbuzi. Muuza vipuri akauliza fundi wangu ni nani. Nikasema ni mimi. Akanitazama kama daktari anavyotazama picha ya mfupa. Akashauri nimwone fundi umeme. Nikamwambia umeme ni nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Akasema humo ndani ziko tano.

Sitamwona fundi. Fundi ndiye anayemfungia shemeji taa. Nikienda, shemeji atajua kwamba sijui.

Nimezifunga kwenye vyuma vya kinga, moja kila upande. Ya kushoto inatazama juu kidogo, kwa dharau. Nyekundu kwenye betri, nyeusi kwenye betri. Swichi nimeiacha kwenye boksi. Inataka kutobolewa tundu, na mara ya mwisho nilipotoboa nilitoboa tangi.

Umebaki waya mmoja mwembamba, ndio unaoziamuru taa ziwake. Karatasi ya maelekezo inasema uungwe kwenye waya wa pikipiki unaopata umeme. Haisemi upi. Waoga!

Jumatano, 4 Machi

Mpango. Nilikwenda gereji kujaza upepo, wakati ambao pikipiki ya shemeji iko mezani kwa fundi. Matairi hayakuwa na shida. Nilitoa upepo mwenyewe kwenye kona ya mtaa.

Nilikaa kwenye ndoo, nikajifanya nasoma gazeti. Fundi akafungua kiti cha shemeji, akavuta waya wa njano unaokwenda nyuma, akauunga ule mwembamba hapo. Kumbe ni hivyo tu! Alipogeuka aliniuliza kama gazeti lina habari, maana ni la mwaka juzi.

Nyumbani nikafungua kiti. Waya wa njano upo, unakwenda nyuma. Ni kweli pikipiki yangu na ya shemeji si za kampuni moja. Lakini njano ni njano.

Nikaunga, nikazungusha tepu. Nikakaa juu ya pikipiki, nikawasha ufunguo. Ukuta wa jirani ukawa mweupe kama shuka. Jirani akatoka kuuliza kuna nini. Nikamwambia maendeleo.

Alhamisi, 5 Machi

Mwenyekiti amekuja na kalamu sikioni. Ua wetu una mteremko, kwa hiyo nilikaa juu ya pikipiki, mguu kwenye breki isije ikaingia jikoni. Nikawasha. Zikawaka zote mbili. Akaandika.

Akasema za shemeji nazo ni nzuri, sasa hajui amchague nani. Akauliza swichi yangu iko wapi. Hapo ndipo kichwa kilipofanya kazi. Nikamjibu kwamba zangu hazina swichi, zinajiwasha zenyewe, na kwamba kiongozi hapaswi kupapasa swichi kwenye kona. Nikataja bega la mwenzetu kwa huzuni.

Mwenyekiti akashika kalamu. Akafuta jina la shemeji.

Mimi ndiye kiongozi! Nimeoga mara mbili.

Ijumaa, 6 Machi

Kupanga mwelekeo wa taa. Mke wangu alisimama ukutani na chaki, mimi juu ya pikipiki. Yeye ni muuguzi, huona vitu. Aliona kwamba nikishuka taa zinazimika, nikipanda zinawaka. Nikamweleza kuwa chombo cha kisasa humtambua mwenye nacho. Akasema basi pikipiki ina akili kuliko mwenye nayo.

Akaongeza kwamba kaka yake amemwomba anishawishi nimwone fundi, hata dakika tano. Nikamwambia hiyo ni njama. Akasema kaka yake hana akili ya njama. Nikasema huo ndio ujanja wake.

Jumamosi, 7 Machi

Kituo cha mafuta, saa kumi na moja alfajiri. Pikipiki kumi na moja. Mimi mbele. Mguu kwenye breki, taa zinawaka, ukungu unapasuka. Shemeji alikiri kwamba zinamulika. Nilimwambia akae nyuma ya kila mtu ajifunze.

Nikaachia breki. Giza.

Ilibaki taa ya kawaida, ambayo kwenye ukungu humulika maziwa matupu. Nikakanyaga breki kwa hofu. Barabara yote ikaonekana, hadi kokoto. Lakini nikawa nimesimama. Nikaondoka, giza. Nikafunga breki, mchana.

Hivyo tukaenda. Kila nikitaka kuona, nasimama. Kila nikisimama, watu kumi nyuma wanasimama. Kwenye kilomita ya tatu tulipitwa na mzee wa baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa. Alitupa pole.

Nikabuni njia. Mguu ubaki kwenye breki nusunusu, mkono uvute mafuta zaidi. Taa zikawaka mfululizo. Nilikuwa kiongozi kamili kwa kilomita sita. Kisha nikasikia harufu.

Mwenyekiti akapiga honi, msafara ukasimama. Breki ya nyuma ilikuwa ikitoa moshi. Akauliza ni kitu gani nimekiona mbele kinachonifanya nifunge breki muda wote. Nikasema mnyama. Akataka kujua mnyama gani. Nikasema sikumwona vizuri, kulikuwa na giza.

Shemeji akainama. Akaniambia, shem, hebu shuka. Nikashuka, taa zikazimika. Akabonyeza pedali ya breki kwa mkono. Zikawaka. Akaachia. Zikazimika. Akarudia mara nne, kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Akasema waya wake wa njano ni wa taa ya nyuma, wangu ni wa taa ya breki.

Walicheka mpaka ukungu ukapungua. Shemeji akaongoza. Mimi nikafuata mwisho, taratibu, bila breki ya nyuma.

Jumapili, 8 Machi

Daftari la mahudhurio limebadilishwa. Siitwi Mkia tena. Naitwa Breki. Lengo la kwanza limetimia.

Shemeji alipita mchana na mzigo wa matunda kwa dada yake. Alisema fundi atanirekebishia kwa dakika tano, amekwisha kumwomba. Njama inaendelea. Alisema pia kwamba kesho asubuhi anafungiwa honi kubwa, maana Mwenyekiti amesema kiongozi wa mwezi ujao awe na honi ya kusikika bonde zima.

Mke wangu akaniambia safari hii nimwone fundi kama watu wengine. Nimemwahidi kwamba kesho asubuhi nitakuwa gerejini.

Sasa hivi nimetoka nje kutazama matairi. Yamejaa. Nimeyapunguza.