Katoni ya Mambo ya Mzee

Hiram Muturi aligundua utajiri wake akila yai la kuchemsha nje ya hospitali mjini Nakuru. Aliona jambo ambalo wenye maduka ya dawa waliliona kila siku wakalipuuza. Mtu akitaka dawa ya kikohozi huitaja kwa sauti, lakini akitumwa vifaa vya baba yake aliyepasuliwa tezi dume, humnong'oneza muuzaji sikioni, hulipa mbiombio, na hafungui mfuko mpaka afike wodini. Hiram alimeza yai bila kutafuna. Wengine huhangaika na bunduki, aliwaza, na hapa kuna watu wanaoomba kuibiwa kwa adabu.

Wiki iliyofuata alikuwa na meza, mwavuli na koti jeupe la mitumba. Juu ya meza palikuwa na katoni moja yenye mali halisi: mifuko mikubwa ya maji ya chumvi ya kuoshea kibofu, na mpira mpana wa kuyapitisha, vyote na sili zake. Hiyo ilikuwa ya kuonyesha. Chini ya meza kulikuwa na katoni nyingine zinazofanana nayo, zenye chupa za maji ya mfereji na vipande vya mpira wa kumwagilia sukuma wiki. Hizo ndizo zilikuwa za kuuza. Tusimwonee: hakuwa mvivu, mipira yote aliikata mwenyewe.

Siku moja mteja wake alikuwa Kigen, mwalimu kutoka Kuresoi.

"Niaje boss, ni ya mzee?" Hiram aliuliza, akishusha sauti kwa heshima.

Kigen alitazama kushoto na kulia. "Ni ya... ile mambo ya kuosha."

"Usiseme zaidi. Ona, original kabisa." Alifungua katoni ya mezani, akaifunga kabla Kigen hajapepesa macho, kisha akainama na kuinuka na ya chini. "Lakini usifungue hapa nje. Watu watajua mambo ya mzee wako."

Kigen alimshukuru. Ndiyo, alimshukuru, kisha akalipa pesa zote ambazo ndugu zake walikuwa wamechanga.

Wodini, Sista Edinah alifungua katoni, akainua ule mpira. "Mwalimu, tunaosha kibofu ama tunapanda kabichi?"

Hakucheka mtu. Juu ya kitanda cha Mzee Kipyegon, babake Kigen, ulining'inia mfuko mmoja tu wa maji ya chumvi, nao ulikuwa umebaki nusu. Stoo ya hospitali haikuwa na mwingine. Ukiisha, Sista alieleza, damu itaganda, mpira wa mkojo uzibe, na mzee arudishwe theatre kupasuliwa tena. "Na haya maji ya mfereji usiniletee tena. Ukiosha nayo yanaweza kuingia mpaka kwa damu. Rudi kwa huyo mtu."

Kigen aliinamisha kichwa. "Nitamwambia nini, na watu wote wako pale?"

Mkewe, Jepleting, alikuwa amesimama mlangoni, mbali na kitanda, kama inavyompasa mke wa mtoto mbele ya baba mkwe wake wa Kikalenjin. Alisikia yote na akakasirika vibaya sana. Aliichukua ile katoni, akaitia kikapuni, akaifunika kwa leso, akatoka.

"Daktari," alimnong'oneza Hiram, macho chini, "ni ya baba mkwe."

Moyo wa Hiram ulicheza. Kama mtoto wa kuzaa anaona haya hivi, mkaza mwana je! Akafungua katoni ya mezani. Jepleting aliziangalia sili, akaangalia tarehe, akaangalia upana wa mpira.

"Ni hizi. Wacha nitoe pesa. Lakini ziko... huku ndani ya nguo. Si ugeuke kidogo?"

Hiram alifunga katoni, akageuka kabisa, na kwa kuwa alikuwa muungwana, akafumba na macho. Alisikia nguo ikichakarika.

"Woi, kumbe bwanangu ndiye ako na pesa! Nakuja, daktari."

"Hakuna haraka, mathe."

Katoni ilikuwa bado mezani. Kwa hiyo alipokuja dereva mmoja wa lori kutoka Mai Mahiu, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuongea na injini, Hiram aliifungua kwa madaha. "Ona kwa macho yako, boss!"

Dereva aliona. Akauinua juu mpira wa sukuma wiki mpaka muuza mayai naye akauona. "Hii unataka babangu awekwe wapi? Sema! Taja hapo mahali!"

Hiram aliacha meza, mwavuli na katoni zake, akakimbia kuelekea mtaa wa Bondeni, na koti jeupe likabaki mkononi mwa dereva.

Wodini, Sista Edinah alikagua kila sili kabla ya kutundika mfuko mpya. Maji yaliyokuwa yakitoka mekundu yaligeuka ya waridi, kisha yakaanza kuwa meupe. Mzee Kipyegon hakuyaondolea macho.

"Nani amenunua?" aliuliza.

Kigen alikohoa kama mtu anayejitayarisha kupongezwa, kisha akaona haya, ya kweli safari hii. "Ni mama watoto, baba."

"Sikununua, baba," Jepleting alisema kutoka mlangoni, na akaeleza vile alivyobadilisha katoni mwenye meza akiwa amegeuka.

Mzee alicheka mpaka Sista akamkataza, maana kicheko kilimuuma pale pale. Kisha akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Jepleting, ingia."

Hakusogea.

"Ingia, mama. Heshima yako nimeiona. Leo niliogopa sana, na sitaki kuogopa tena nikiwa peke yangu." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, toka kwa hicho kiti."

Jepleting akaingia, akaketi.