Kuuombea Mteremko Theluji

Jumatatu, 1 Juni 2026
Jana mchungaji alitangaza kwamba Jumatatu ijayo, siku ya mapumziko, vijana wa kanisa tutakwenda milimani kucheza kwenye theluji, maana huku kusini mwa dunia Juni ndiyo baridi inaanza. Sharti moja: mteremko wa wanaoanza uwe umefunguliwa kufikia Jumamosi saa sita mchana. La sivyo, basi litatupeleka kuangalia samaki. Wazo la mwenzetu Cheryl. Samaki! Nina miaka kumi na minne na sijawahi kugusa theluji.

Jumanne, 2 Juni
Nimempigia simu binamu yangu, kaka Libère, anayeendesha mashine za kutengeneza theluji huko juu. Nikamshauri waongeze maji. Alicheka sana, kisha akanieleza. Maji si shida. Hewa ndiyo inayoamua: iwe baridi, tena iwe kavu. Ikiwa na unyevu, matone hayagandi, yanatua chini yakiwa maji yale yale. Mteremko wa nyasi hutosheka na theluji ya magotini. Wenye mawe hungoja ifike kiunoni. Kwa hiyo wao huchagua mmoja tu na kuurundikia yote. Wanazikeshea mashine kama mgonjwa, wakivizia saa chache za baridi. Watu wa ajabu! Nawaheshimu kuliko wanajeshi.
Lakini wanahitaji msaada wangu.

Jumatano, 3 Juni
Nimekwenda kwa Mama Chibalonza, kiongozi wa kina mama waombaji, nikamsihi wauombee mlima. Akauliza theluji hutoka wapi. Nikajibu, mawinguni. Akasema basi, binti yangu, hiyo si kazi ngumu. Kule nyumbani Uvira aliwahi kuombea mvua, ikanyesha kabla ya amina. Cheryl aliposikia akasema, "Wewe Falone, hata Mungu ana ratiba!" Wivu huo.

Alhamisi, 4 Juni
Mvua! Hapa mtaani kwetu St Marys, na milimani pia. Libère anasema imekula theluji yao ya siku nne. Nikakimbia kwa Mama Chibalonza. Akanieleza kwa fahari kwamba wameanza na mawingu, mengine yatafuata. Nikamshukuru. Cheryl amenitumia picha ya pweza.

Jumamosi, 6 Juni
Jana uliingia upepo wa kusini, mkavu, wa kukata masikio. Libère na wenzake wamepuliza theluji saa kumi na nne mfululizo, wakaisawazisha kwa matrekta. Leo saa tano na nusu asubuhi: umefunguliwa! Mteremko mmoja, mita mia mbili. Nililia jikoni.

Jumatatu, 8 Juni
Nimeigusa! Utepe mmoja mweupe katikati ya nyasi za kahawia, umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Hata Cheryl aliupiga picha. Kisha akaanguka, nami nikamwangukia. Libère, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alituonyesha vilele. Huko ni mawe matupu, akasema. Hakufunguliwi mpaka zipite dhoruba kadhaa, labda Julai, na hakuna awezaye kuharakisha.
Nimeelewa vizuri kabisa. Ndani ya basi nimeandikisha kwaya nzima kuimba kileleni Jumapili ya tarehe 21 Juni. Na safari hii nimewaagiza kina mama waombe mawe yapungue.