Mlango wa Kubonyeza

Jumatatu, 3 Machi
Chumba cha mbele kimebaki kitupu! Kile kinachotazama barabara. Kila apitaye unamwona, na mfukoni kabeba nini unajua. Mimi huku uani naona ukuta tu. Mwenye nyumba kasema Ijumaa atapita kwa kila mpangaji, na anayetunza chumba vizuri ndiye atakipata. Mama Sindano, mshonaji wa mlango wa pili, keshaanza kupaka dirisha rangi. Kaniuliza eti, shoga, wewe utatunza saa ngapi na mdomo uko kazini? Nikacheka. Atanijua!

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, mdogo wake mume wangu, fundi redio, kaniletea dawa. Inaitwa solenoidi. Waya umezungushwa, katikati kipini cha chuma. Umeme ukiingia kipini kinavutwa, mlango huo wazi. Umeme ukitoka, springi inakirudisha, mlango umefungwa. Anayetoa amri ni kikompyuta kidogo kama kiberiti. Nani hapa uani ana mlango wa kubonyeza? Hakuna!

Jumatano, 5 Machi
Kumbe kuandika amri wala si kuandika! Kwenye kompyuta ya shemeji unaburuta vibao vya rangi, unavipachika kama matofali. "Kitufe kikibonyezwa." "Subiri." "Vuta kipini." Hata mimi wa darasa la tatu nimeweza! Shemeji kasema penye subiri nijaze moja, sekunde moja tu. Kaenda zake. Sekunde moja? Mgeni unamfukuza kama kuku? Nikajaza tisa tatu, 999. Ukarimu.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye nyumba kaja! Mlango ukajifunga nyuma yake, ta! Macho yakamtoka. Nikabonyeza kitufe aone unavyofunguka. Kimya. Akabonyeza yeye. Kimya. Nikamwambia mzee keti, mlango una adabu zake.

Basi, nafasi si ndiyo hiyo? Nikampa habari zote za uani. Kwamba wanasema nywele zake ni za kupaka. Kwamba ana mkono wa birika. Akauliza nani kasema. Mie simo, nasikia tu. Akauliza huu umeme wa mlango unatoka wapi. Nikamwambia asinihurumie, umeungwa kwenye waya wa stoo yake, mimi sitoi hata senti.

Akaanza kupiga mlango ngumi! Mama Sindano huko nje akadhani hitilafu, akazima umeme, akawasha. Shemeji akalia dirishani, mama we, umeharibu, sasa kikompyuta kitaanza kuhesabu upya! Mzee akabonyeza tena, akaketi, kichwa mikononi. Nikaanza ya mke wake. Sijafika mbali, Mama Sindano na bisibisi yake ya cherehani kang'oa bawaba kwa nje. Mlango puu! Kipini bado kimeng'ang'ania. Mzee katoka bila kuaga.

Jumapili, 9 Machi
Chumba kapewa Mama Sindano. Jana kahamia, kakaa kibarazani anaangalia watu! Nusura nilie.

Shemeji kaniambia nimeponzwa na mdomo. Mdomo! Mtu mzima na fundi, hajaona? Kilichoniponza ni bawaba. Nimemwagiza solenoidi ya pili, ya upande wa bawaba. Mwenye nyumba nimempelekea salamu aje nimwombe radhi, tena taratibu, maana ile ya mke wake hatukufika hata nusu.