Mlango wa Marinda

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeupata. Saa mbili kasoro asubuhi, kwenye kamba ya nguo ya jirani yetu Auleria. Sketi yake ya kwaya, ya buluu, marinda kuanzia kiunoni hadi chini. Upepo ukija inafunguka. Upepo ukienda inajikunja yenyewe, rinda juu ya rinda, nyembamba kama daftari. Nikasimama pale na mswaki mdomoni. Sijui kwa muda gani. Auleria akatoka, akaianua, akaniuliza kama sina kazi.

Hakujua kwamba anaanua mlango.

Goba nzima, huku kwetu, nyavu za mbu zimepigiliwa misumari. Dirishani sawa. Mlangoni je? Mlangoni ni pazia na dua. Mie nitatengeneza wavu wa marinda unaotembea kwenye reli. Unauvuta, unausukuma, unauacha nusu, unauacha robo. Nyumba itakuwa na mashavu kama samaki. Upepo wa kilimani utaingia na kutoka, na mbu atabaki nje anatafakari.

Na wakati ndio huu! Jumapili wanakuja wazee kumposa Najma, binti pekee wa Dada Tabu, ambaye mie naishi kwake kwa muda (mwaka wa tisa huu). Kijana anaitwa Bakari, wa Boko. Baba yake, Mzee Faraji, anajenga nyumba ya wageni. Madirisha thelathini na sita. Milango kumi na minne. Niliposikia hayo ilibidi nikae.

Dada Tabu ameniomba jambo moja tu: nisiguse kitu. Ni kwa sababu ya posa ya kwanza, mwaka juzi, na feni ya dari niliyoiunda mwenyewe. Wazee wale walikuwa wa Ukonga. Hawakurudi. Kwa kumbukumbu tu, pilau ya pembeni mwa sinia ilikuwa bado inalika.

Najma hakunigombeza. Alinifuata barazani akasema kwa upole, ndiyo maana nikaogopa. "Mjomba, huyu nampenda. Ukiniharibia na safari hii, sikuiti mjomba tena."

Nikamwambia alale salama. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Jumanne, 5 Novemba

Kwa Herieth, fundi cherehani wa njia panda, kuiba ujuzi. Nikajifanya mteja. Nikaagiza sketi ya marinda, upana sentimita tisini, urefu mita mbili na kumi. Akauliza ya nani. Nikasema ya ndugu yangu, mrefu. Akauliza huyo ndugu ana kiuno. Nikasema hana, amenyooka tu. Akaandika.

Nikaomba nione anavyofanya. Kitambaa katikati ya maboksi mawili yaliyokunjwa. Pasi ya mkaa juu. Acha ipoe. Akafungua maboksi taratibu, marinda yakaamka moja moja kama watoto kitandani. Nikasahau nilipo. Nilikuwa Boko, nafungua dirisha la kumi na tisa, bahari inaonekana kidogo upande wa kulia, Mzee Faraji nyuma yangu ananiita fundi.

Herieth alikuwa anaeleza kitu kuhusu vipimo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekata chandarua changu. Sentimita tisini kamili, sikukosea hata uzi. Pasi ya kwanza ilitoboa tundu lenye umbo la pasi. Nikapunguza mkaa. Mara ya pili safi! Marinda yamesimama kama askari.

Nikaupima. Sentimita thelathini.

Ni mlango mzuri sana wa paka.

Nimerudi kwa Herieth. Kumbe jana ndicho alichokuwa anakieleza: marinda yanakula kitambaa mara tatu. Alieleza mara mbili. Akasema pia nimsalimie yule ndugu yangu asiye na kiuno.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeumwa na mbu sehemu arobaini na moja. Nimezihesabu kama utafiti.

Chandarua cha Dada Tabu ni cha futi sita kwa sita. Mwanamke mmoja, tena analala ubavu. Sehemu kubwa ya wavu ule inalinda godoro. Nimekishusha, nikatundika pazia la zamani la dirishani. Kwa mbali ni kilekile. Dada Tabu haoni vizuri bila miwani.

Jioni Badru alipita. Huyu ana karakana ya aluminiamu huko chini, mteremko unapoishia barabarani, na tepu ya chuma ameining'iniza kiunoni kama jambia. Akaitazama reli yangu ya chini, niliyokuwa naijaribu tu pale kizingitini. Akaniuliza watu watavua wapi viatu. Nikamjibu viatu si fani yangu. Akatikisa kichwa, akaondoka. Wivu una mwendo wake, unaujua tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Dada Tabu ameamka jicho moja limevimba, limefunga kabisa. Siku mbili kabla ya wageni! Analalamika kwamba mbu wa mwaka huu wana hila, wanapenya hata chandarua. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba ndiyo maana sie wabunifu hatulali. Akalipapasa lile jicho. Kisha akasema basi, uweke huo mlango wako, ilimradi hauanguki.

Ruhusa! Nimeswali Ijumaa kwa moyo mkunjufu. Katikati ya hotuba niliona msikiti wote una marinda.

Jumamosi, 9 Novemba

Umesimama. Reli kizingitini, nyuzi za mshipi wa kuvulia juu na chini, fremu ya mbao niliyoipaka rangi nyeupe, mpini wa kijiko. Nimeufungua na kuufunga mara hamsini. Unateleza bila neno.

Alasiri nililala mkekani sebuleni nikautazama. Jua lilipita kwenye marinda likachora mistari sakafuni, na upepo ulipovuma mistari ikatembea, kama nyumba nzima imeng'oa nanga. Mbu mmoja alitua upande wa nje. Tukatazamana. Sijawahi kuwa mtu mwenye amani kiasi kile.

Najma akaja, akauvuta kwa kidole kimoja, akauachia nusu. Akasema, "Mjomba, huu mzuri." Nilijifanya nina vumbi jichoni.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika haraka kabla sijasahau jinsi ilivyokuwa kweli, maana wengine watasimulia vibaya.

Waliingia saa nane na nusu. Wazee wanne, kanzu zimenyooka, Mzee Faraji mbele. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Wakavua viatu. Mzee Faraji alikuwa na makubadhi mapya kabisa, akayaacha palepale kizingitini yaonekane. Mie sikuyaona. Nilikuwa naangalia anavyoangalia mlango.

Nikauvuta. Ukafika mwisho, ukasema krr. Nikadhani ni sauti ya ubora. Mzee Faraji akainua unyusi mmoja, na ndani ya unyusi ule niliona madirisha thelathini na sita.

Mambo yakaenda vizuri. Wakasema walichojia. Dada Tabu akajibu kwa jicho moja, lakini kwa heshima zote: tumesikia, tutakaa na ndugu, baada ya wiki mbili mtapata jibu. Ndivyo inavyojibiwa. Wazee wakasoma fatiha, wakasimama. Nikaenda kuwafungulia kwa madaha.

Haukufunguka.

Mkanda wa kubadhi ulikuwa umeingia kwenye reli, umekaza kama kabari, tena upande wa nje. Nikavuta. Nikasukuma. Nikaomba mkasi, maana ni wavu tu, hata kifaranga angeutoboa. Dada Tabu akasema hapana: siku ya posa hakukatwi kitu nyumbani kwake. Nikapendekeza watokee mlango wa jikoni. Mzee mmoja akakohoa, akasema posa inayoingilia mbele ikatokea jikoni haifiki popote. Wote wakakubali. Wakakaa tena. Chai ikarudi, na kaimati.

Ndipo mvua ikaanza.

Nikazunguka kwa jikoni, nikapita katikati ya wanawake na masufuria, hadi nje ya mlango wangu. Nikalishika kubadhi, nikavuta kwa nguvu zote. Likaingia zaidi. Nyuma yangu maji ya kilimani yakafika, na vile viatu saba vilivyobaki vikanyanyuka, vikaanza kuteremka kimoja kimoja, bila kusukumana, kama vina miadi. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ilinipasa kuchagua kati ya viatu na mlango. Nikachagua mlango.

Basi nimesimama nje, nalowa, nawatazama wageni ndani kama samaki kwenye kioo. Sauti zinapita vizuri (kuandika hili kwenye sifa za bidhaa). Mazungumzo yaliwaishia. Waliongelea mvua, wakaimaliza. Wakaongelea barabara, wakaimaliza. Nikamwona Najma kwa mbali, ameegemea mlango wa chumbani, kashika mdomo. Alikuwa haangalii wageni. Alikuwa ananiangalia mie.

Mzee Faraji akaweka kikombe chini.

"Bi Tabu," akasema, "mie nimekwenda kuposa nyumba sita maishani mwangu. Tatu zilinikubali, mbili zilinirudisha, moja ilinifukuza. Yenu ndiyo ya kwanza kunifungia. Sasa nambieni, mnataka nikubali nini?"

Kisha Dada Tabu akacheka. Alicheka hadi jicho bovu likafunguka kidogo. Akasema jamani, wiki mbili za nini, nyie mmekwisha kuwa wa humu, akaagiza aulizwe Najma mwenyewe. Auleria, aliyekuja kusaidia mapishi, akaingia chumbani, akatoka, akasimama katikati ya sebule kama anayeanza wimbo.

"Najma anasema ndiyo. Na anasema mjomba aachwe hukohuko nje."

Vigelegele. Wazee wanne ndani wakakumbatiana. Nami nikampongeza mlango.

Akatokea Badru na mwavuli. Viatu vyote saba vilishukia karakanani kwake, akavifuata vilikotoka. Akainama, akatoa plaizi, akachomoa kubadhi. Sekunde mbili. Mlango ukafunguka taratibu, mzuri vilevile.

Wazee wakatoka, wananishika mkono, wananicheka. Dada Tabu alikuja wa mwisho. Akapitisha kidole kwenye wavu. Akafika kwenye kiraka cha uzi mwekundu alichokishona mwenyewe Ramadhani iliyopita. Akakigusa mara mbili. Akanitazama.

Jicho moja lilitosha.

Jumanne, 12 Novemba

Harusi ni Januari. Madirisha thelathini na sita amepewa Badru. Wavu wa kawaida, misumari. Mzee Faraji alisema ni kwa sababu ya viatu. Watu wengine hawajali sanaa, wanajali soli.

Najma ananiita mjomba bado, ila akiwa chumba cha pili.

Nimekaa barazani kutwa nzima nafikiri kwa utulivu nilikosea wapi. Jibu ni kwamba sikukosea. Kubadhi ndilo lililokosea. Zaidi ya hapo, posa nzima ingesubiri wiki mbili, pengine ingeharibika njiani. Mlango wangu uliimaliza kwa saa moja na nusu. Badru ana mlango gani wenye rekodi hiyo?

Kwa hiyo nimeona mbele. Harusi itakuwa uwanjani, watu mia tatu. Fikiria hema lenye kuta za marinda! Linapumua. Likitaka, linafunguka kwa upepo; likitaka, linafunga, na hakuna mgeni anayeondoka kabla ya hotuba. Sitaweka reli ya chini. Nitaiweka juu, ambako hakuna anayevua viatu.

Tatizo ni wavu tu. Marinda yanakula mara tatu, hilo nalijua sasa, mie si mtoto.

Leo mchana imeletwa zawadi kutoka Boko, ya kitanda cha bibi harusi. Chandarua cheupe, cha duara, kina lesi pembeni, kikubwa ajabu. Kimewekwa juu ya kabati la Dada Tabu, kwenye mfuko wake, hakijafunguliwa.

Nimekipima tu. Kupima si kukata.