Jagi la Bitiruti

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki. Damu ya mke wangu iko chini, na mimba ina miezi sita. Muuguzi kasema ale maini na mboga za majani, ameze kidonge kimoja kila siku, na chai asinywe pamoja na chakula. Wiki ijayo atapimwa tena. Isipopanda, atalazwa. Mama mkwe aliposikia akahamia kwetu na sufuria zake. Jikoni kwangu! Mimi ni fundi cherehani, si mjinga. Nina simu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata. Bwana mmoja mtandaoni, koti jeupe kabisa, anasema bitiruti ndiyo damu yenyewe. Rangi tu inatosha kuwa ushahidi. Mke wangu alilalamika kwamba vidonge vinamchafua tumbo, nikamwambia avipumzishe, nikavificha kwenye kopo langu la vifungo. Sasa ni jagi asubuhi, jagi jioni. Mama mkwe aliuliza kama muuguzi anajua. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba maini yake yanaungua.

Jumapili, 10 Machi
Alfajiri mke wangu kaniita kutoka chooni kwa sauti ndogo. Mkojo mwekundu. Mtoto wetu! Nilivaa shati la mteja, lina mkono mmoja. Kwenye teksi mama mkwe alimshika mwanawe, mimi nikashika mlango. Hospitali, muuguzi akatafuta mapigo ya moyo ya mtoto. Akatafuta. Akahamisha kifaa upande wa pili. Sijawahi kuogopa hivi. Yakasikika, mbiombio. Ndipo akauliza mama anakula nini. Nikatazama dari. Mama mkwe akasema yote, mpaka habari ya kopo. Mkojo hauna damu hata tone, ni bitiruti. Lakini damu ya mwilini imeshuka zaidi. Amelazwa. Nimelia kwenye korido, na mama mkwe akanipa kanga yake nijifute. Bora angenitukana.

Jumapili, 24 Machi
Amerudi nyumbani. Vidonge na maini vimefanya kazi, damu inapanda, mtoto anapiga mateke. Nimeapa mbele ya wote wawili: mambo ya simu basi, namsikiliza muuguzi tu. Nimetubu kweli. Kumbe kidonge ni kitu cha ajabu! Muuguzi amesisitiza kimoja tu kwa siku, lakini wauguzi ni watu waoga. Kama kimoja kimefanya haya, viwili je? Mama mkwe analala navyo chini ya mto. Nasubiri aanze kukoroma.