Mafuta ya Nywele Kwenye Kifuniko cha Tangi

Jumatatu, 4 Machi
Miaka tisa natengeneza ndege, sijaacha ardhi hata kwa dakika moja. Mama mkwe anaamini naruka kila wiki. Huniuliza mawingu yakoje huko. Humjibu kwamba ni ya kawaida tu.

Leo nafasi imejileta. Kapteni, mama mwenye ndege zetu mbili ndogo, amechoka kung'ang'ana na vifuniko vya tangi za mafuta juu ya mabawa. Mipira ya kuzibia inanata. Jana ukucha wake ulikatika. Ametugawia, mimi na fundi mwenzangu Miwani, kila mtu ndege yake. Ambaye vifuniko vyake vitafunguka kwa mkono mmoja ifikapo Ijumaa, Jumamosi atakaa kando yake angani.

Miwani akafungua kitabu cha mtengenezaji. Maskini. Mimi nimefungua kabati la mke wangu.

Jumanne, 5 Machi
Mafuta ya nywele! Kidole kimoja kwa kila mpira, na kifuniko kikageuka bila ubishi. Kapteni akapita, akauliza mbona bawa linanukia waridi. Nikasema usafi. Miwani bado anapangusa mipira yake, anaipima, anaagiza mipya. Kobe.

Nyumbani mke wangu ameuliza kopo lake liko wapi. Nimemwambia amuulize mama yake.

Jumatano, 6 Machi
Mipira imenenepa. Imekunywa mafuta usiku kucha na kuvimba kama kidole kilichobanwa na mlango. Kifuniko hakigeuki kwa mikono miwili, wala kwa koleo, wala kwa goti.

Miwani akaja kunipa pole. Akasema mpira hauli kila mafuta, akanionyesha kikopo cha grisi iliyotajwa kitabuni. Nilimshukuru sana. Kisha nikachukua wembe nikaipunguza mipira unene. Sasa kifuniko kinafunguka kwa kidole gumba. Akili ni mali.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua ilinyesha na ndege yangu ililala nje. Asubuhi Kapteni akachota mafuta kutoka chini ya tangi, kama afanyavyo kila siku kabla ya kuruka, akainua glasi kwenye mwanga. Mafuta juu, maji chini.

Nikasema ni umande. Akauliza umande umepitaje kwenye kifuniko kilichofungwa. Nikasema siku hizi umande ni mjanja. Akachomoa mpira, akaona alama za wembe, akaunusa. Nimetolewa mashindanoni. Nilijifungia chooni nikalia kidogo.

Mchana kutwa nimekausha tangi, Miwani akinionyesha jinsi ya kusafisha kifuniko na kupaka grisi kiduchu kwenye mpira mpya. Niliitikia kila neno. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa mama mkwe.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani ameshinda. Kapteni alifungua vifuniko vyake vyote huku mkono wa pili umeshika chai. Akampongeza, na Miwani akaanza kutoka jasho.

Baadaye akanivuta nyuma ya karakana. Kumbe anaogopa urefu! Hata ile ngazi ya kupandia bawani humtia kizunguzungu. Alitaka vifuniko vizuri tu, kiti hakitaki. Akaniomba nimwokoe, nikae mimi; Kapteni alikuwa amekwisha kumkubalia. Nilijifanya nafikiria. Nikamwambia sawa, kwa ajili ya urafiki wetu. Halafu nikamkumbatia mpaka miwani yake ikapinda.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeruka! Nimeuona uwanja wetu mdogo kama leso. Nimemwona mke wangu uani akianika nguo, nikampungia mikono yote miwili. Nililia, nikacheka, nikaimba. Kapteni akaimba pia. Sijawahi kuwa na furaha namna hii, na harusi yangu naikumbuka vizuri.

Tulipotua, Kapteni alilalamika kwamba kitasa cha mlango wake wa ndege kimekuwa kigumu. Miwani akaanza kukitafuta kitabu. Nikamwahi. Nimemwambia Kapteni mlango huo aniachie mimi. Jikoni kwetu kuna chupa nzima ya asali.