Ombi la Kutambulishwa kwa Ndugu Yangu Msimamizi

Kwa Bwana Meneja,
Kiwanda cha Kushona Sare.

Shikamoo Bwana Meneja. Ni mimi wa cherehani ya karibu na dirisha, yule anayeitwa Maziwa. Jina hilo sikupewa na wazazi. Nilipewa na Msimamizi wetu siku niliporudi kutoka likizo ya uzazi, blauzi ikanilowa kifuani mbele ya watu. Nilipomwomba aniite jina langu alisema, "Huo ni utani tu, mama. Mbona mgumu hivyo?"

Neno hilo nimelifikiria huku nanyonyesha, nikaona nimepewa heshima kubwa. Utani ninaoujua mimi ni wa ndugu, babu na mjukuu, shemeji kwa shemeji. Hutaniwi na mtu baki. Kumbe Msimamizi ni ndugu yangu, ila ofisi imesahau kututambulisha. Kwa hiyo naomba:

1. Nielezwe tunahusianaje. Kama ni shemeji, mume wangu ana hamu sana ya kumsalimia. Kama ni babu, nitamletea mjukuu ampakate, na yeye alowe kidogo.

2. Utani uwe wa pande mbili. Juzi alinusa hewa akauliza nani kaingiza ng'ombe karakana. Watu walicheka, nami nikacheka, si ndugu? Nikamjibu kwamba ng'ombe angalau anatoa maziwa, yeye tangu aje hajatoa hata kifungo. Hapo undugu ukakatika kama uzi mbovu, nikapewa onyo la maandishi. Naomba na mimi nipangiwe zamu ya kutania, hata Ijumaa tu.

3. Tangu onyo hilo, amemkataza mama mkwe wangu kusogea getini na mtoto saa ya mapumziko. Anasema kiwanda si zahanati. Mtoto analia nje, mimi namsikia hata cherehani zikinguruma, na maziwa yanashuka yenyewe, hayajasoma kanuni za kiwanda. Kama Msimamizi ni kaka yangu, basi ni mjomba. Mjomba gani anamfungia mpwa wake geti?

4. Jana ameniambia kuanzia Jumatatu nihamie stoo, mimi na yeye, mlango ufungwe kwa sababu ya vumbi. Akasema huko ndiko tutataniana vizuri. Kwa undugu mzito namna hii, naomba ukoo wote uwepo: mume wangu, mama mkwe, na wewe Bwana Meneja ukae juu ya marobota ya vitambaa, utani usikupite.

Natumaini utanisikiliza, maana kazi hii naipenda, na wewe mkono wangu unaujua. Nisalimie mhasibu, mlinzi wa geti ambaye siku hizi anaona aibu kunitazama, na huyo ndugu yangu.

Mimi mshonaji wako mtiifu,
Maziwa.

Nyongeza: Bwana Meneja, barua hii nimemsomea mama mkwe. Nilidhani atacheka. Akasema, "Mwanangu, huyo hakutanii. Anakuonea." Basi yote ya hapo juu nayafuta. Si ndugu yangu, na wala simtaki ukooni. Naomba aache, geti lifunguliwe, na stoo siendi. Wenzangu wa meza ya vifungo, wale wale waliocheka habari ya ng'ombe, wamesema Jumatatu asubuhi wataingia nami ofisini kwako waseme waliyoyasikia. Nitakuja na mtoto. Mimi sauti yangu ni ndogo, lakini yeye akiwa na njaa utamsikia.